Moshi unaingia mapafuni, saratani inaota kibofuni: imekuwaje?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mombasa. Anasema kaka yake ana miaka 61, ni fundi wa rangi za nyumba tangu ujana, na sigara hajawahi kuiacha. Hivi karibuni amegundulika ana saratani ya kibofu cha mkojo. Daktari amewaambia kuwa chanzo kikubwa ni sigara, na huenda kazi ya rangi imechangia. "Sielewi," anaandika. "Moshi unaingia mapafuni, rangi inashika mikononi. Kibofu kimeingiaje hapo? Na mbona jirani yetu aliyevuta sigara kumshinda kaka yangu ni mzima hadi leo? Mwanangu naye anafanya kazi ya rangi na mjomba wake. Na mimi mwenyewe huwachora maharusi piko, ile rangi nyeusi ya kupamba ngozi, ambayo nasikia ina kemikali za jamii hiyo hiyo. Nisaidie nielewe."

Pole sana dada, na Mungu amjalie kaka nafuu. Daktari wenu amesema kweli. Ila nakubali kwamba ukiambiwa "ni sigara" na maelezo yakaishia hapo, akili haitulii, kwa sababu njia kutoka mdomoni hadi kibofuni haionekani. Nitakuonyesha njia hiyo, maana majibu ya maswali yako mengine nayo yamo humo.

Kile ambacho kaka yako alikivuta au kukigusa kilikuwa bado hakijawa sumu kamili. Ini lake ndilo lililoimalizia, likiwa katika kazi yake ya kawaida ya kusafisha damu. Figo zikaipeleka, na kibofu kikaihifadhi kwa saa kadhaa, siku baada ya siku, kwa miaka mingi.

Kemikali zenyewe huitwa amini za aromatiki. Umbo lao si gumu kulieleza: ni pete ya atomi sita za kaboni, wakati mwingine pete mbili, na pembeni imening'inia atomi ya nitrojeni yenye hidrojeni mbili. Jani la tumbaku likiungua, kemikali hizi huzaliwa ndani ya moshi. Zinazojulikana zaidi kwa ubaya ni 4-aminobifenili, 2-naftilamini na orto-toluidini. Sigara moja hutoa kiasi kidogo sana cha ile ya kwanza, nanogramu chache tu, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Lakini anayevuta pakiti ya sigara 20 kila siku kwa miaka 40 amevuta karibu sigara laki tatu. Moshi unaotoka kwenye ncha inayofuka, ule ambao watoto na wake nyumbani huuvuta bila kutaka, una amini hizi kwa wingi zaidi kuliko ule anaouvuta mwenye sigara.

Tulijua habari hii kwanza kupitia viwanda, kabla ya kuijua kupitia sigara. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza aitwaye William Perkin, akiwa na miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na masalio ya lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, alipata rangi ya zambarau. Kutokana na ugunduzi huo vikaota viwanda vya rangi za nguo Uingereza, Ujerumani na Uswisi, na amini za aromatiki ndizo zilizokuwa malighafi yao. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, akatoa taarifa kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha rangi nyekundu ya fuksini walikuwa wanapata uvimbe wa kibofu, ugonjwa ambao kwa kawaida ulikuwa nadra. Alidhani mkosaji ni anilini, mojawapo ya amini hizo. Baadaye ikaonekana kwamba wenye hatia kubwa zaidi ni ndugu za anilini, yaani 2-naftilamini na benzidini, na mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani, huko Geneva, likazitaja kwa majina. Hata hivyo viwanda viliendelea kuzitumia kwa miongo mingine. Mpaka leo nikisoma tarehe hizi moyo unaniuma, kwa sababu waliokuwa wakikoroga mapipa yale hawakuambiwa kitu.

Wanasayansi walipotaka kuthibitisha, walikwama. Panya walilishwa 2-naftilamini, vibofu vyao havikuota kitu. Mwaka 1938, huko Marekani, Wilhelm Hueper na wenzake wakawapa mbwa kemikali hiyo hiyo, na mbwa wakapata saratani ya kibofu. Tofauti kati ya panya na mbwa ilikuwa nini? Hapo ndipo jibu la swali lako lilipojificha.

Amini ya aromatiki ikishaingia mwilini, kwa mapafu au kwa ngozi, husafiri na damu hadi kwenye ini. Kemikali hizi hupenda mafuta, ndiyo maana hupenya ngozi bila taabu, na ndiyo maana figo haziwezi kuzitoa kwa urahisi zilivyo. Ini lazima lizibadilishe kwanza ziweze kuyeyuka majini. Kwa kazi hiyo lina njia mbili zinazoshindana.

Njia ya kwanza hutumia kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini, kinachoitwa NAT2. Kinabandika kipande kidogo, asetili, kwenye ile nitrojeni. Nitrojeni ikishazibwa hivyo, kwa amini nyingi hatari inapungua, na kitu chenyewe hutoka na mkojo bila kuleta madhara makubwa.

Njia ya pili hutumia kimeng'enya CYP1A2, ambacho hubandika oksijeni kwenye nitrojeni ile ile. Kinachopatikana, amini yenye hidroksili (oksijeni iliyoshikana na hidrojeni) juu ya nitrojeni, ndicho hasa chanzo cha msiba. Na hapa kuna jambo linalonisikitisha kila ninapolifundisha: moshi wa sigara una kemikali nyingine, zile za masizi na lami, ambazo huliamrisha ini litengeneze CYP1A2 kwa wingi zaidi. Kwa hiyo sigara humletea mtu malighafi, na papo hapo inaongeza mashine za kuigeuza kuwa sumu.

Sehemu ya hiyo amini iliyotiwa oksijeni huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kunasa kwenye hemoglobini. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, hivyo maabara ya utafiti ikipima damu inaweza kusoma ni kiasi gani cha 4-aminobifenili mtu amekipokea katika miezi minne iliyopita. Damu ya wavutaji husema waziwazi, na ya wale wanaovuta tumbaku nyeusi, ile iliyokaushwa kwa hewa, husema zaidi kuliko ya wale wa tumbaku ya kawaida.

Sehemu nyingine ini hujaribu kuidhibiti kwa kuifunga na asidi ya glukuroni, kitu cha jamii ya sukari. Kwa ini hiyo ni kazi iliyokwisha: kitu kimefungwa, kinayeyuka majini, kinaweza kupelekwa kwenye figo na kutupwa nje. Tatizo ni kwamba fundo lenyewe halihimili asidi. Ni kama mzigo uliofungwa kwa kamba mbovu: unafika bandarini salama, halafu unafumuka ghalani. Ndani ya damu, ambayo haina asidi, fundo linashika. Mkojo wa watu wengi una asidi kidogo, na ukikaa kibofuni, fundo linafunguka na ile amini yenye hidroksili inakuwa huru tena, safari hii ikiwa imegusana na ukuta wa kibofu.

Seli za ukuta huo zina kimeng'enya cha ukoo mmoja na kile cha ini, kiitwacho NAT1. Nacho hubandika asetili, lakini sasa asetili haikai juu ya nitrojeni, inakaa juu ya oksijeni. Tofauti hiyo ya atomi moja hugeuza mambo yote. Asetili juu ya nitrojeni hutuliza. Asetili juu ya oksijeni hung'oka pamoja na oksijeni yake na kuiacha nitrojeni ikiwa na pengo la elektroni. Kitu hicho, ioni ya nitreniamu, hakiwezi kusubiri. Kinajibandika kwenye cha kwanza kinachokutana nacho, na mara nyingi ni DNA ya seli: kinanasa kwenye guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA, kwenye kaboni yake ya nane. Seli ikikarabati, yamekwisha. Isipokarabati kabla ya kugawanyika, herufi husomwa vibaya na kosa hurithiwa na seli zote zitakazofuata. Kosa likiangukia kwenye jeni kama TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kuzaana, breki imekatika.

Kwa nini iwe kibofu, na si figo wala mirija inayotoka kwenye figo? Ngozi ya ndani ya mirija hiyo ni ya aina moja na ya kibofu, na kweli saratani kama hii huota huko pia, ila kwa nadra. Mkojo unapita kwenye mirija kwa muda mfupi, lakini kibofuni unakaa saa nzima, mbili, tano, au usiku kucha. Katika majaribio ya mbwa waliopewa 4-aminobifenili, waliokaa muda mrefu bila kukojoa walipata madhara makubwa zaidi kwenye DNA ya kibofu. Na huko India, watafiti waliowapima wafanyakazi wa viwanda vya benzidini waliona, mwaka 1997, kwamba wenye mkojo wa asidi nyingi walikuwa na vibandiko kwenye DNA za seli za kibofu mara kumi kuliko wale ambao mkojo wao haukuwa na asidi.

Sasa turudi kwa mbwa, na kwa jirani yenu. Mbwa hana uwezo wa ile njia ya kwanza. Hawezi kubandika asetili kwenye nitrojeni, kwa hiyo karibu kila kitu humpitia njia ya pili. Na sisi binadamu hatuko sawa. Wako wenye NAT2 inayofanya kazi kwa kasi, na wako wenye NAT2 ya polepole, kulingana na jeni walizorithi kwa baba na mama. Madaktari walilijua hili katika miaka ya 1950 kupitia dawa ya kifua kikuu, isoniazidi, ambayo huvunjwa na kimeng'enya hicho hicho. Huenda unamjua mtu aliyekunywa dawa hizo akapata ganzi na kuchomwachomwa miguuni, akapewa vitamini B6. Wenye NAT2 ya polepole ndio hupatwa zaidi na hilo, kwa kuwa dawa hukaa mwilini mwao muda mrefu.

Mwaka 1982 watafiti wa Uingereza walichunguza wagonjwa wa saratani ya kibofu huko Huddersfield, mji wa viwanda vya nguo na rangi. Kati ya wagonjwa 23 waliowahi kufanya kazi na kemikali za rangi, 22 walikuwa na NAT2 ya polepole. Kwa wavutaji wa sigara tofauti haikuwa kubwa kiasi hicho, lakini ipo: utafiti mkubwa wa Hispania uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wenye kasi ndogo wana hatari zaidi kwa kiasi cha asilimia 40, na mzigo huo huwaangukia hasa wanaovuta. Inawezekana kabisa jirani yenu amerithi NAT2 ya kasi. Inawezekana pia CYP1A2 yake ni ndogo, au seli zake hukarabati vizuri. Au muda wake haujafika, na hilo silisemi kwa kumwombea mabaya.

Usiende kutafuta kipimo cha NAT2 kwa ajili ya familia. Kwanza, sehemu kubwa ya watu duniani ni wa polepole, karibu nusu ya Wazungu na Waafrika wengi vilevile, na wengi wao hawataugua kamwe. Pili, kanuni yenyewe haifuatwi na kila amini. Benzidini ina nitrojeni mbili, moja kila upande; ikishabandikwa asetili upande mmoja, upande wa pili bado unaweza kuamshwa. Wafanyakazi wa benzidini wa China walipochunguzwa, wenye kasi ndogo hawakuonekana kuwa katika hatari zaidi. Kipimo hakitamwambia mtu lolote la kufanya zaidi ya lile analopaswa kulifanya hata bila kipimo, nalo ni kuacha tumbaku.

Kuhusu muda, hapo ndipo watu wengi hushangaa. Mwaka 1954 Robert Case na wenzake, baada ya kufuatilia wafanyakazi wa viwanda vya rangi Uingereza, walikuta wastani wa kama miaka 18 kati ya kuanza kazi na kuugua, na wengine walichukua zaidi ya 30. Saratani ya kaka yako haikuanza mwaka jana. Ilianza kujengwa alipokuwa kijana mwenye nguvu zake, asiyeumwa popote. Katika nchi ambako uvutaji umeenea, karibu nusu ya saratani za kibofu hutokana na sigara, na wanaume huugua mara tatu hadi nne kuliko wanawake.

Kazi ya rangi nayo ina hatia yake. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya upakaji rangi katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, tangu mwaka 1989. Ushahidi mzito ni wa mapafu na kibofu. Fundi rangi hukutana na mchanganyiko wa viyeyushi kama thina, vumbi la rangi za zamani na vitia rangi vya kila namna, hivyo si rahisi kumnyooshea kidole mkosaji mmoja. Anayevuta sigara juu ya kazi hiyo anajumlisha mizigo miwili.

Piko yako ni habari nyingine. Kinachoipa weusi ni parafenilenidiamini, ile ile ya rangi za nywele, na kweli ni amini ya aromatiki. Lakini ngozi na ini huifunga kwa asetili kwa haraka, na shirika hilo hilo limeona kwamba ushahidi wa saratani kwa wanaojipaka rangi za nywele hautoshi kuhukumu. Kwa wasusi na vinyozi wanaozishika kila siku kwa kazi limekuwa na wasiwasi zaidi, na kazi hiyo limeiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda sana vinasababisha. Kwa bibi harusi ninachokihofia zaidi ni mzio: ngozi kuvimba, malengelenge, na makovu yanayofuata mistari ya maua. Hina ya asili, ya majani, haina kemikali hiyo. Ukiamua kuendelea na piko, vaa glavu unapokoroga na unapochora, na usimchore aliyewahi kuwashwa nayo.

Kwa kaka yako, kuacha sigara sasa bado kuna faida. Saratani ya kibofu ina tabia ya kurudi, na anayeendelea kuvuta anaendelea kuumwagia sumu ukuta ule ule ulioharibika. Hatari kwa aliyeacha hushuka kuanzia miaka ya mwanzo, ingawa hukawia sana kufikia ya mtu ambaye hajawahi kuvuta. Uvimbe ukiwa haujazama kwenye misuli, hukwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, na baadaye anaweza kutiwa kibofuni BCG, chanjo ile ile ya kifua kikuu wanayochanjwa watoto, ili kuamsha kinga ya mwili. Msishtuke mkiambiwa hivyo. Ni tiba iliyozoeleka kwa ugonjwa huu.

Kuhusu kunywa maji mengi, matokeo ya tafiti kwa watu hayakubaliani. Kwa jinsi nilivyoeleza njia ya sumu, mantiki ya kunywa maji na kutobana mkojo ipo, na mimi hushauri hivyo. Lakini maji hayamkingi anayeendelea kuvuta.

Ninyi wengine wa familia, angalieni damu kwenye mkojo. Dalili ya kwanza ya saratani hii kwa kawaida ni damu isiyo na maumivu, inayokuja siku moja na kutoweka wiki kadhaa. Kwa Pwani hapo kuna mtego, maana Kwale, Kilifi na Tana River kichocho kipo, na mtu mzima akikojoa damu huambiwa ni kichocho, anapewa dawa, damu inakatika yenyewe, anaona amepona. Kichocho nacho, kikikaa miaka, huleta saratani ya kibofu ya aina nyingine, kwa njia ya ukuta wa kibofu kuwaka na kuvimba kwa muda mrefu. Wanawake hupewa antibiotiki mara kwa mara wakidhaniwa wana maambukizi ya njia ya mkojo, na wengi hugunduliwa kwa kuchelewa. Mtu mwenye zaidi ya miaka 40 aliyeona damu hata mara moja, akiwa mvutaji au fundi rangi, asiridhike na dawa tu. Aombe kipimo cha kuingiza kamera kibofuni.

Na mwanao: akiwa kazini avae glavu zisizopenywa na viyeyushi, na asinawe mikono kwa thina wala petroli, kwa sababu vinayeyusha mafuta ya ngozi na kuifungulia kemikali mlango. Akikwangua rangi ya zamani alowanishe ukuta kwanza na avae barakoa ya vumbi inayobana vizuri. Asile wala kuvuta akiwa na mikono yenye rangi, na nguo za kazi zifuliwe mbali na za nyumbani. Aandike pia mahali aina za rangi na viyeyushi anavyotumia na miaka aliyofanya kazi hiyo, kwani daktari atakayemwona baada ya miaka 20 atamwuliza, na kaka yako, nadhani, aliulizwa akashindwa kukumbuka.